Nguzo za Iringa: Namna ya Kuongoza Sura ya Grafu kwa Msimbo wa Kompyuta

Katika sensa ya mwaka 2002 Mkoa wa Iringa ulihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 1.5. Miaka kumi baadaye, katika sensa ya Agosti 2012, mkoa wenye jina hilo hilo ulikuwa na watu 941,238. Mwaka 2022 idadi ilipanda tena ikafika 1,192,728. Mwanafunzi wa sekondari katika eneo la Ipogolo, pale chini ya kilima cha mji wa Iringa inapopita barabara kuu iendayo Mbeya, akipewa tarakimu hizi tatu na kuziingiza katika kompyuta, atapata grafu ya nguzo kwa kufumba na kufumbua. Nguzo ya kwanza itakuwa ndefu, ya pili itakuwa imeporomoka kwa zaidi ya theluthi, na ya tatu itakuwa inajikongoja kuinuka. Grafu itakuwa safi, yenye rangi ya kupendeza, na tarakimu zake zote zitakuwa sahihi. Hata hivyo, kila atakayeitazama ataondoka na habari ya jambo ambalo halikutokea kamwe.

Je, watu hao zaidi ya laki tano walikwenda wapi? Hawakwenda popote. Mwaka 2012, miezi michache kabla ya sensa, wilaya za kusini za mkoa huo zilitengwa zikawa Mkoa wa Njombe. Mkazi wa Makambako alijikuta katika mkoa mpya bila kuhamisha hata kigoda. Mkazi wa Ipogolo alibaki Iringa, lakini Iringa iliyobaki ilikuwa ndogo. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 702,097 katika Mkoa wa Njombe. Wakijumlishwa na wale wa Iringa hupatikana watu 1,643,335, yaani eneo lile lile la zamani lilikuwa limeongeza watu wala halikupunguza.

Jambo hili si mchezo wa darasani. Madarasa, zahanati na visima hupangwa kwa kutazama mwendo wa idadi ya watu, na katika vikao vingi karatasi yenye picha hutazamwa kwa makini kuliko jedwali lililoambatanishwa nyuma yake. Mjumbe aonaye nguzo ikianguka huuliza mara moja watu wanakimbia nini. Jibu atakalopewa, na fedha zitakazofuata jibu hilo, vyaweza kutegemea namna nguzo tatu zilivyochorwa.

Hapana budi basi kukubali kwamba sura ya grafu ni sehemu ya kauli yake. Urefu wa nguzo, upana wake, rangi yake, mahali inaposimama na jirani iliyowekwa kando yake, vyote husema neno. Zamani mchoraji aliyeshika rula na penseli aliamua mambo hayo kwa mkono wake. Leo mengi huamuliwa na kompyuta kabla mwenye takwimu hajafikiri, na uamuzi huo ulifanywa na mtu mwingine, mbali, ambaye hakupata kuisikia habari ya Njombe. Njia moja ya kuurudisha uamuzi kwa mwenye takwimu ni kuandika msimbo, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta hatua kwa hatua nini kichorwe na kwa namna gani.

Nguzo hupimwa kutoka wapi?

Grafu ya nguzo si ya kale sana. Mskoti William Playfair, mtu wa biashara na mchoraji wa ramani za uchumi, alitoa kitabu mjini London mwaka 1786 ambamo alionyesha biashara ya Uingereza kwa mistari iliyopanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Alipofika kwenye nchi yake ya Scotland alikwama, kwa kuwa alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, 1780 hadi 1781. Mstari wa miaka haukuwezekana. Akachora badala yake vipande vilivyolala, viwili viwili kwa kila nchi iliyofanya biashara na Scotland, kimoja cha bidhaa zilizoingia na kingine cha zilizotoka. Jumla ya nchi na maeneo 17. Yaweza kusemwa kwamba nguzo zilizaliwa na uhaba wa takwimu, na Playfair mwenyewe hakuzithamini kama mistari yake.

Nguvu ya nguzo ni kwamba jicho hulinganisha urefu wake bila kufundishwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa maabara ya Bell huko Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio kuhusu jambo hilo. Walionyesha kwamba watu hukadiria kwa usahihi zaidi pale vitu vinapopimwa kwa skeli moja kuanzia msingi mmoja. Hukosea zaidi wanapolazimika kulinganisha pembe, kama katika grafu ya duara, na zaidi tena wanapolinganisha maeneo. Mwalimu aliyewahi kuwauliza wanafunzi ni kipande kipi cha duara kilicho kikubwa, kati ya viwili vinavyokaribiana, hahitaji kushawishiwa.

Lakini neno la kuzingatia hapo ni msingi. Urefu wa nguzo una maana iwapo tu nguzo inaanzia sifuri. Chukua Songwe na Iringa katika sensa ya 2022: Songwe watu 1,344,687, Iringa 1,192,728. Songwe inaizidi Iringa kwa sehemu ya nane hivi. Sasa mchoraji akiuanzisha mhimili wa wima kwenye milioni 1.1 badala ya sifuri, nguzo ya Songwe itaonekana kuwa ndefu zaidi ya mara mbili na nusu kuliko ya Iringa. Na Njombe, yenye watu 889,946, haitaonekana kabisa. Itakuwa imezikwa chini ya msingi. Hakuna tarakimu iliyobadilishwa. Kilichobadilishwa ni mahali pa kuanzia kupima, kama muuza nguo anayeanza kuhesabu mita kutoka katikati ya rula.

Maagizo ya kwanza

Zipo lugha nyingi za kuandikia msimbo. Inayotumika hapa ni Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, pamoja na mkusanyo wa maagizo ya kuchorea uitwao Matplotlib. Mkusanyo huo ulianzishwa na Mmarekani John Hunter, mtafiti wa ubongo aliyetaka kuona kwenye kioo cha kompyuta mapigo ya umeme yaliyopimwa katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Aliutoa mwaka 2003, na tangu hapo umeendelezwa na watu wengi. Vyote viwili hupatikana bila malipo, na zipo programu za kuviendesha hata katika simu ya mkononi.

Grafu ya Iringa iliyoelezwa mwanzoni hupatikana kwa mistari sita:

    import matplotlib.pyplot as plt
    miaka = [2002, 2012, 2022]
    watu = [1.5, 0.94, 1.19]
    fig, ax = plt.subplots()
    ax.bar(miaka, watu, width=4)
    plt.show()

Mstari wa kwanza unaleta vifaa vya kuchorea. Wa pili na wa tatu unaweka orodha mbili, moja ya miaka na nyingine ya watu kwa milioni. Majina ya orodha huchaguliwa na mwandishi mwenyewe, nayo yaweza kuwa ya Kiswahili bila tatizo lolote, kompyuta haijali. Mstari wa nne unaandaa karatasi, ambayo ni fig, na uwanja wa kuchorea ndani yake, ambao ni ax. Wa tano ndio unaosimamisha nguzo. Wa mwisho unaonyesha kazi.

Sasa na itazamwe kwa makini orodha ya mambo ambayo msimbo huu haukusema. Haukutaja rangi; kompyuta itachagua buluu. Haukutaja mahali pa kuanzia. Kompyuta itaanza na sifuri, na hapo imefanya vyema. Haukutaja miaka ya kuandikwa chini ya nguzo, na hapo kompyuta huenda ikaandika 2005, 2010 na 2015, miaka ambayo haikuwa na sensa. Haukutaja kwamba tarakimu ni milioni za watu. Kila kilichonyamaziwa kimejazwa. Upana ungenyamaziwa pia, nguzo zingekuwa nyembamba kama vijiti, kwa sababu upana wa kawaida ni 0.8, nao hapa ungehesabiwa kama sehemu nane za kumi za mwaka mmoja.

Kusahihisha kila jambo kunahitaji agizo moja fupi. Agizo ax.set_xticks(miaka) huweka chini ya nguzo miaka ya sensa pekee. Agizo ax.set_ylabel("Watu (milioni)") huandika kipimo kando ya mhimili. Hila ya msingi uliokatwa, ile ya Songwe na Iringa, nayo ni agizo moja:

    ax.set_ylim(1.1, 1.4)

Hapa ndipo ilipo faida kubwa ya msimbo, ambayo haitajwi mara nyingi. Anayekata msingi kwa kubofya kitufe haachi alama yoyote. Anayeukata kwa msimbo ameandika tendo lake kwa herufi na tarakimu, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefundishwa kuusoma anaweza kuweka kidole juu ya mstari huo na kuuliza kwa nini.

Kuirudisha Njombe

Swali la Iringa halitatuliwi kwa rangi wala kwa mhimili peke yake. Linahitaji nguzo zenye ghorofa: chini watu wa Iringa, juu yao watu wa Njombe. Katika Matplotlib ghorofa hujengwa kwa neno bottom, linaloiambia kompyuta kwamba nguzo ya pili isianzie sifuri bali ianzie pale ya kwanza ilipoishia.

Kabla ya kuandika maagizo hayo, kuna mtego wa kuepukwa. Mchoraji mwenye haraka ataipaka nguzo ya 2002 rangi ile ile ya Iringa ya 2012, maana zote mbili zinaitwa Iringa. Kufanya hivyo ni kurudia kosa la mwanzo kwa mlango wa nyuma. Nguzo ya 2002 ina watu wa Njombe ndani yake. Si Iringa ya leo. Yastahili rangi yake yenyewe na jina lake lenyewe. Kwa hiyo nguzo huchorwa kwa makundi matatu:

    ax.bar([2002], [1.5], width=4,
           color="0.75", edgecolor="black",
           label="Iringa kabla ya kugawanywa")
    ax.bar([2012, 2022], [0.94, 1.19], width=4,
           color="0.35", edgecolor="black",
           label="Iringa")
    ax.bar([2012, 2022], [0.70, 0.89], width=4,
           bottom=[0.94, 1.19],
           color="white", edgecolor="black", hatch="//",
           label="Njombe")
    ax.set_xticks([2002, 2012, 2022])
    ax.set_ylabel("Watu (milioni)")
    ax.legend()

Neno color hutoa rangi ya ndani na edgecolor rangi ya ukingo. Tarakimu iliyowekwa ndani ya alama za kunukuu, kama "0.35", ni kiasi cha kijivu: "0" ni nyeusi kabisa, "1" ni nyeupe kabisa, na kati yake hupatikana kijivu cha kila namna. Neno hatch huweka mistari ya mshazari ndani ya nguzo, na alama mbili za mkwaju hufanya mistari ikaribiane zaidi kuliko alama moja. Alama nyingine zikitumiwa hutoa vitone, misalaba au duara ndogo. Agizo la mwisho, ax.legend(), hukusanya majina yote yaliyoandikwa kwenye label na kutengeneza ufunguo wa grafu.

Msimbo huu ukiendeshwa, nguzo tatu husimama zikipanda: 1.5, kisha 1.64, kisha 2.08. Kuporomoka kumetoweka, na sababu ya tarakimu 941,238 inaonekana kwa macho bila maelezo marefu.

Mtu aweza kuuliza kwa nini kijivu na mistari vimependelewa kuliko nyekundu, kijani na manjano ambazo kompyuta huzitoa kwa ukarimu. Sababu ya kwanza ni karatasi. Mitihani na vitini vya shule hurudufiwa kwa wino mweusi. Nyekundu na kijani zenye nguvu sawa, zikipita katika mashine ya kurudufu, hutoka zikiwa kijivu kimoja, na ufunguo wa grafu hubaki ukieleza tofauti ambayo haipo tena. Sababu ya pili ni macho. Wapo watu, wengi wao wanaume, wasioweza kuitofautisha nyekundu na kijani. Miongoni mwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hufikia wanaume 8 katika kila 100. Miongoni mwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini katika shule ya wavulana mia kadhaa ni ajabu kutompata hata mmoja. Mara nyingi mwenyewe hajui. Huambiwa tu kwamba hasomi grafu vizuri.

Hata hivyo ghorofa zina udhaifu wake, nao haufai kufichwa. Iringa katika grafu hii inaanzia sifuri, hivyo ongezeko lake kati ya 2012 na 2022 linasomeka kwa urahisi. Njombe inaelea juu ya Iringa, na msingi wake mwaka 2012 si ule wa 2022. Jicho linapata taabu kuona kama Njombe nayo imekua. Anayetaka kuzungumza juu ya ukuaji wa Njombe aiweke Njombe chini na Iringa juu, au achore nguzo zilizosimama ubavu kwa ubavu. Hakuna mpangilio unaojibu maswali yote kwa pamoja. Mchoraji huchagua swali kwanza.

Miaka isiyolingana

Udanganyifu mwingine umejificha mahali pasipotiliwa shaka, yaani katika nafasi kati ya nguzo na nguzo. Tangu Muungano, Tanzania imefanya sensa sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Idadi ya watu kwa milioni ilikuwa 12.3, kisha 17.5, 23.1, 34.4, 44.9 na 61.7. Karibu kila grafu ya tarakimu hizi husimamisha nguzo sita zenye nafasi sawa. Lakini miaka yenyewe haina nafasi sawa. Kati ya 1967 na 1978 ni miaka 11, na kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14, ilhali vipindi vingine ni vya miaka kumi kumi.

Matokeo yake ni haya. Kutoka 1988 hadi 2002 nguzo inapanda kwa milioni 11.3, kutoka 2002 hadi 2012 inapanda kwa milioni 10.5. Nguzo zikiwa na nafasi sawa, ngazi ya pili inaonekana fupi kuliko ya kwanza, na msomaji husema nchi ilipunguza mwendo. Lakini milioni 11.3 zilichukua miaka 14, ambayo ni watu kama laki 8 kwa mwaka, milioni 10.5 zilichukua miaka 10, ambayo ni milioni moja na zaidi kwa mwaka. Idadi ya watu walioongezeka kila mwaka haikupungua, bali ilipanda. Ni kweli kwamba kwa asilimia mwendo ulishuka kidogo, kutoka 2.9 hadi 2.7 kwa mwaka, kabla ya kupanda hadi 3.2 katika kipindi kilichofuata. Hilo ni swali jingine, na linahitaji grafu yake.

Katika msimbo, tofauti kati ya grafu inayopotosha na isiyopotosha ni alama za kunukuu tu. Miaka ikiandikwa hivi:

    miaka = ["1967", "1978", "1988", "2002", "2012", "2022"]

kompyuta huichukua kama majina, sawa na majina ya watu, na kuyapanga kwa nafasi moja. Ikiandikwa hivi:

    miaka = [1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022]
    watu = [12.3, 17.5, 23.1, 34.4, 44.9, 61.7]
    ax.bar(miaka, watu, width=6)

kompyuta huichukua kama tarakimu, na kila nguzo husimama mahali pa mwaka wake. Pengo kati ya 1988 na 2002 hufunguka wazi. Upana wa 6 umechaguliwa kwa kuwa vipindi vifupi ni vya miaka 10, hivyo hubaki nafasi ya miaka minne kati ya nguzo na nguzo. Upana wa 10 ungezigusanisha, na nguzo zinazogusana huleta maana nyingine: hudhaniwa kuwa ni histogramu, ambayo huonyesha mgawanyo wa vipimo katika matabaka yanayofuatana.

Mpangilio na mkazo

Nguzo zinapowakilisha mahali badala ya miaka, hakuna mpangilio wa asili. Alfabeti ni mpangilio wa uvivu. Huitanguliza Iringa mbele ya Mbeya kwa sababu ya herufi tu. Mpangilio wa ukubwa hufundisha zaidi. Majina ya mikoa nayo husomeka vyema nguzo zikilazwa, jambo linalofanywa kwa barh badala ya bar. Mfano ufuatao unachukua mikoa saba ya Nyanda za Juu Kusini na jirani zake, kwa sensa ya 2022, na kuiweka Iringa katika rangi nyeusi:

    mikoa = ["Mbeya", "Ruvuma", "Rukwa", "Songwe",
             "Iringa", "Katavi", "Njombe"]
    watu = [2.34, 1.85, 1.54, 1.34, 1.19, 1.15, 0.89]
    rangi = ["black" if m == "Iringa" else "0.75"
             for m in mikoa]
    nguzo = ax.barh(mikoa, watu, color=rangi)
    ax.bar_label(nguzo, padding=3)
    ax.invert_yaxis()

Orodha ya rangi inastahili kusomwa polepole, maana ndani yake kuna mantiki nzima ya kuchagua: kwa kila mkoa, ukiwa ni Iringa rangi iwe nyeusi, la sivyo iwe kijivu. Jina likibadilishwa kuwa Njombe, mkazo huhama bila kugusa kitu kingine. Agizo bar_label huandika tarakimu kwenye ncha ya kila nguzo. Agizo la mwisho ni la lazima kwa sababu nguzo zilizolazwa huanza kupangwa kutoka chini kwenda juu, na bila kuigeuza, Mbeya iliyo kubwa kuliko zote ingejikuta chini kabisa.

Kuhusu nguzo zenye kina, zile zinazochorwa kama maboksi yenye kivuli, haihitajiki kusema mengi. Hakuna tarakimu inayowakilishwa na kina hicho, na ncha ya boksi haijulikani isomwe mbele au nyuma.

Kazi ya kufanya Ipogolo

Walimu wasiotaka kutegemea takwimu za kitaifa peke yake wana uwanja mzuri. Magari yanayopita Ipogolo ni ya namna nyingi: malori yaendayo Mbeya na Zambia, mabasi, daladala zinazopanda mjini, bajaji na pikipiki. Wanafunzi wanaweza kuyahesabu kwa zamu, wakiwa wamesimama mahali palipo salama mbali na barabara, na kuweka alama za tano tano daftarini. Chukulia kwamba kundi la asubuhi limehesabu malori 90 kwa saa mbili, na kundi la jioni limehesabu malori 60 kwa saa moja. Nguzo za 90 na 60 zitasema asubuhi ina malori mengi. Nguzo za 45 na 60 kwa saa zitasema kinyume chake. Ni habari ile ile ya sensa ya 1988 na 2002, safari hii ikiwa imetoka katika madaftari ya wanafunzi wenyewe. Shule isiyo na kompyuta inaweza kufanya kazi yote kwa karatasi ya mraba, na msimbo ukaandikwa ubaoni kama orodha ya maamuzi yatakayotekelezwa kwa mkono.

Kwa wale walio na kompyuta, kuna zoezi la pili, gumu kidogo. Mkoa wa Mbeya ulihesabiwa kuwa na watu 2,707,410 mwaka 2012 na watu 2,343,754 mwaka 2022. Hapa tena nguzo inashuka, na sababu ni ile ile: mwaka 2016 wilaya za magharibi zilitengwa zikawa Mkoa wa Songwe, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Lakini kesi hii ina nafuu ambayo grafu ya Iringa ya hapo juu haikuwa nayo. Idadi ya watu wa 2012 waliokuwa wakiishi katika eneo ambalo baadaye likawa Songwe inajulikana, nayo ni 998,862. Nguzo ya 2012 yaweza basi kugawanywa kwa kurudi nyuma, watu 1,708,548 kwa Mbeya ya sasa na 998,862 kwa Songwe, na kusimamishwa kando ya nguzo ya 2022 yenye 2,343,754 na 1,344,687. Wanafunzi waamue wenyewe mambo mawili na kuyaandika katika msimbo: ni mkoa upi ukae chini, na kipande cha Songwe cha mwaka 2012, wakati ambapo mkoa wa jina hilo haukuwapo, kipakwe rangi gani.